Njia, Mifupa na Tarehe

Mwaka 1923 Arthur Kingsley Porter, profesa wa Chuo Kikuu cha Harvard, alichapisha kitabu cha juzuu kumi kuhusu sanamu za mawe katika makanisa ya njia za hija za Ulaya. Juzuu moja ni maandishi. Tisa zilizobaki ni picha, zaidi ya 1,500, na nyingi kati ya hizo alizipiga yeye na mkewe Lucy walipokuwa wakizunguka Ufaransa na Hispania kwa gari, kijiji baada ya kijiji. Hoja yake ilikuwa kwamba sanaa ya karne ya 11 na ya 12 haieleweki ukiikatakata kwa majimbo: hii ya Burgundy, ile ya Languedoc, nyingine ya Hispania. Fuata njia waliyopita mahujaji kwenda Santiago de Compostela nchini Hispania, kwenye kaburi linaloaminiwa kuwa la Mtume Yakobo, ndipo utakapoona mawe yanavyojuana.

Karne moja imepita na hoja hiyo bado inagombewa. Nimeiweka mbele ya watu watatu. Sauti zao nimeziunda mimi, ila mambo wanayoyataja ni ya kweli. Mwalimu ni mama mstaafu aliyesomesha historia. Fundi ni kijana wa Unguja anayechonga milango. Padre amesoma historia ya Kanisa. Mimi nitanyamaza, isipokuwa pale nitakaposhindwa.

FUNDI: Shikamoo, Mwalimu. Shikamoo, Padre. Naomba nianze, kwa sababu jambo hili ninalijua kwa mikono. Njia haichongi. Mtu ndiye anayechonga, naye huchonga alipoitwa, kwa mti au jiwe lililopo, kwa muda aliopewa na mwenye fedha. Huyo profesa aliwaza mahujaji wengi barabarani, akaona wao ndio waliosafirisha sanaa. Nauliza: walibeba patasi?

MWALIMU: Marahaba, mwanangu. Umeuliza vizuri, ila umeuliza kabla ya kujua Porter alikuwa akibishana na nani. Septemba 1914 mizinga ya Wajerumani ililichoma kanisa kuu la Reims. Katika vita hiyohiyo Émile Mâle, mwanahistoria mkubwa wa sanaa wa Ufaransa, aliandika kwamba sanaa ya Kijerumani ya Enzi za Kati ilikuwa ya kuiga tu, na kwamba kilicho bora ndani yake kilitoka Ufaransa. Alikuwa na uchungu wa nchi yake, nami simlaumu kwa uchungu. Lakini tazama elimu ilikofika: jiwe la miaka 800 linapewa bendera na kupelekwa vitani! Mwaka 1922 Mâle alichapisha kitabu juu ya sanaa ya dini ya karne ya 12, na humo naye alizizungumzia njia za hija. Kwake njia zilikuwa za upande mmoja: uzuri unazaliwa Ufaransa, unateremka Hispania. Mwaka mmoja baadaye akaja Porter na kusema kwamba njia ina kwenda na kurudi, na kwamba Mhispania alikuwa na cha kumfundisha Mfaransa. Alikuwa akiinusuru sanaa kutoka mikononi mwa mataifa. Hilo ndilo lililokuwa mezani.

FUNDI: Nimekuelewa, mama. Nia ni njema. Lakini nia njema haiwi ushahidi.

MWALIMU: Ushahidi upo, umesimama mpaka leo. Chukua Saint-Sernin ya Toulouse, Sainte-Foy ya Conques, na kanisa kuu la Santiago lililoanza kujengwa kama mwaka 1075. Chora ramani zake. Yote yana umbo la msalaba, yana roshani za juu zinazotazama ukumbi, na njia za pembeni zinazoingia mpaka mikononi mwa msalaba kisha kuzunguka nyuma ya altare, ambako kuna vikanisa vidogo vimepangwa kama shada. Ongeza Saint-Martial ya Limoges na Saint-Martin ya Tours. Makanisa matano, mbali mbali, na yanafanana kama ndugu wa tumbo moja. Unataka niamini kwamba walikutana kwa bahati?

FUNDI: La hasha, hawakukutana kwa bahati. Wenye kujenga walizungumza. Hilo tu. Halafu, Mwalimu, kati ya hayo matano, Limoges na Tours yalibomolewa baada ya Mapinduzi ya Ufaransa. Tunapima ukoo ambao ndugu wawili wamekwisha kufa. Na hapo Toulouse kuna meza ya altare ya marumaru iliyowekwa wakfu na Papa Urbano II mwaka 1096. Ina jina la Bernard Gilduin, limekatwa kwenye jiwe lenyewe kwamba yeye ndiye aliyeifanya. Jina la mtu! Kwa nini tuzungumzie njia, naye yupo hapo anajitaja?

PADRE: Ruhusuni nami niingie, maana naona mnagombania barabara na karakana, na mwenye nyumba hajatajwa. Mahujaji walikwenda kwa nini? Walimwendea mtu. Pale chini ya altare palikuwa na mwili wa mtakatifu, au mfupa wake, na waliamini kwamba aliye mbinguni yupo pia hapo, anasikia. Ondoa masalia, na zile njia zenu za kuzunguka altare hazina kazi. Someni Abati Suger wa Saint-Denis, karibu na Paris. Anasimulia kwamba kanisa la zamani lilikuwa dogo mno, na siku za sikukuu watu walisongamana kuyafikia masalia hadi wanawake wakalazimika kukanyaga juu ya vichwa vya wanaume ili waifikie altare. Kwa sababu hiyo, anasema, ilibidi kanisa lipanuliwe. Sehemu ya altare ikawekwa wakfu mwaka 1144, na hapo historia ya usanifu wa majengo wa Ulaya ikageuka. Umati wa watu ulisukuma kuta.

FUNDI: Hiyo ni kauli ya Suger mwenyewe, Padre. Aliyejenga huwa na sababu nzuri za kutumia fedha.

PADRE: Kweli. Basi nimtaje mtawa mwingine atakayekufurahisha. Bernard wa Clairvaux, kama mwaka 1125, aliandika barua kali juu ya makanisa ya namna hiyo. Alisema kwamba macho hushibishwa dhahabu ya masalia ili mifuko ifunguke. Kwamba mtakatifu akionyeshwa mzuri zaidi, watu humwona mtakatifu zaidi. Na kwamba kanisa linang'aa kwenye kuta zake huku maskini wake wakiwa uchi. Mimi ni padre na barua hiyo inanichoma. Lakini hata Bernard, akilaumu, anashuhudia: kilichowavuta watu ni masalia na pambo lake. Habari ya nani alimfundisha nani kuchonga kichwa cha nguzo haikumshughulisha.

Hapa nimeshindwa kunyamaza. Kuna kitabu kinachopaswa kuamua ugomvi huu, na wote watatu wanakifahamu. Ni kitabu cha tano cha mkusanyo uitwao Codex Calixtinus, uliotungwa kama miaka ya 1140 na kutunzwa Santiago. Humo zimetajwa njia nne za Ufaransa zinazokutana Puente la Reina, kaskazini mwa Hispania, na kuwa moja. Porter aliutegemea sana. Leo ramani ya njia nne imebandikwa kila mahali. Baraza la Ulaya liliitangaza njia ya Santiago kuwa njia ya kwanza ya utamaduni mwaka 1987, na mwaka 2024 karibu watu 500,000 walipokea cheti cha kufika. Lakini nakala za zamani za kitabu hicho ni chache. Hakuna sababu ya kudhani kwamba mhujaji wa kawaida wa karne ya 12 alikuwa nacho, wala kwamba alihesabu njia nne. Kilipata umaarufu baada ya kutafsiriwa kwa Kifaransa mwaka 1938. Kwa kiasi kikubwa, ile barabara iliyonyooka tunayoiona kichwani imechorwa na wasomi wa karne iliyopita.

Na tazama mwandishi wake anavyotembea. Sura iliyo ndefu kupita karibu zote ni ile ya miili ya watakatifu wanaopasa kuzuriwa njiani. Akifika Saint-Gilles anasimama na kueleza kwa kirefu sanduku la dhahabu la masalia, upande kwa upande. Akifika Conques anautaja mwili wa mtakatifu, basilika nzuri, na chemchemi ya maji mazuri mbele ya milango. Ule mlango wenye Hukumu ya Mwisho, ambao wanahistoria wa sanaa wanausafiria kutoka pande zote za dunia, hautaji hata kwa neno moja. Sanamu za mawe anazielezea akifika Santiago tu. Nikisoma hivyo naelemea kwa Padre.

MWALIMU: Pole pole, mwandishi. Mtu kutoandika jambo si dalili kwamba hakuliona, na huenda mlango wa Conques ulikuwa bado mpya. Nitakubali jambo moja: Porter aliipenda njia kuliko njia ilivyokuwa. Lakini naomba mfikirie alichokifanya kwa miguu yake. Kabla yake, wengi waliokuwa wakipanga tarehe za makanisa ya Hispania walifanya hivyo wakiwa wameketi Paris. Jiwe la Hispania likifanana na la Toulouse, la Hispania linapewa tarehe ya miaka 20 au 30 baadaye, kwa kuwa mwanafunzi hawezi kumtangulia mwalimu. Porter alikwenda. Alisimama Santo Domingo de Silos, akalitazama ua la watawa, akasema baadhi ya nguzo hizi ni za miaka ya 1070, wakati alipofariki abati Domingo mwenyewe. Alisimama Santiago kwenye mlango wa Platerías, mlango wa masonara, penye maandishi ya tarehe yaliyokatwa katika jiwe. Wapo wanaoyasoma 1078.

FUNDI: Wengine wanasoma 1103.

MWALIMU: Wanasoma 1103, ndiyo. Herufi zimeharibika.

FUNDI: Na wote wanausoma mlango kama barua iliyoandikwa siku moja. Nisikilize hapa, mama, ndipo nilipokuwa nakuja. Nimezitazama picha za mlango ule kwa makini. Haujakaa sawa. Sanamu zimebanana, nyingine ni ndefu kuliko mahali zilipowekwa, mstari wa chini haukubaliani na wa juu. Na wataalamu wenyewe wanakubali kwamba vipande vyake vingi vilichongwa kwa ajili ya mahali pengine kisha vikahamishiwa hapo. Kwetu mlango wa zamani wa Mji Mkongwe unaweza kuwa na kizingiti cha nyumba moja, mbao za nyumba nyingine na njumu za juzi. Ukiniuliza una miaka mingapi nitakuuliza, sehemu gani? Tarehe ya maandishi, hata tukiisoma sawasawa, ni ya jiwe lile tu. Au ni ya siku ya kuweka msingi. Haiwezi kuwatolea umri majirani zake wote. Ugomvi wa Mâle na Porter, wa nani alitangulia, Toulouse au Hispania, ulitaka kila kazi iwe na siku moja ya kuzaliwa.

PADRE: Fundi, umenifungulia mlango. Twende Conques.

Mwaka 866 hivi, mtawa wa Conques aliiba masalia ya Mtakatifu Foy, binti mdogo aliyeuawa kwa ajili ya imani, kutoka mji wa Agen. Naam, aliiba, watawa wenyewe wameandika habari hiyo kwa fahari, wakisema mtakatifu asingekubali kuchukuliwa kama hakutaka kuhama. Diego Gelmírez, askofu wa Santiago, alifanya hivyohivyo mwaka 1102 alipokwenda Braga na kuondoka na masalia ya watakatifu wa wenyewe.

FUNDI: Nawe hulioni tatizo hilo?

PADRE: Naliona, na silitetei. Nasema tu kwamba kitu huibwa kinapopendwa mno. Basi Conques waliyatengenezea masalia yale makao: sanamu ya mbao iliyofunikwa dhahabu, imeketi kwenye kiti cha enzi, kimo chake sentimita 85. Mwaka 1013 alifika msomi mmoja, Bernard wa Angers. Alipoiona, na watu wamepiga magoti mbele yake, alimnong'oneza mwenzake kwa dhihaka. Ilimkumbusha sanamu za Jupita na Mars za wapagani. Baadaye akageuka, akawa ndiye mwandishi wa miujiza yake. Na katika miujiza hiyo kuna jambo linalotuhusu sana. Mtakatifu huyu mdogo anapenda mapambo. Anawatokea wanawake ndotoni, anawaomba pete zao. Arsinde, mke wa mtawala wa Toulouse, aliombwa bangili zake za dhahabu. Akajibu kwamba atazitoa akipewa mtoto wa kiume. Alizipeleka Conques, na akazaa.

Sasa itazameni sanamu hiyo ilivyo. Wataalamu walipoifungua katika miaka ya 1950 walikuta kichwa chake ni cha enzi za mwisho za Warumi, karne ya 4 au ya 5, kazi ya mpagani au ya mfalme, hakijui chochote juu ya binti huyu. Kiwiliwili ni cha karne ya 9 au ya 10. Juu yake vimebandikwa vito vilivyochongwa na Warumi, fuwele, lulu, dhahabu za karne mbalimbali. Mikono ni ya karne ya 16. Kila aliyeponywa, aliyefunguliwa gerezani, aliyepata mtoto, alileta kitu, na sonara akakipachika. Waliofunguliwa walileta minyororo yao pia, ikaning'inizwa kanisani. Mchongaji wa ule mlango wa Hukumu ameionyesha, imetundikwa nyuma ya mtakatifu aliyesujudu. Mwalimu, sanamu hiyo utaiweka mwaka gani katika jedwali la Porter?

MWALIMU: Haiingii.

PADRE: Haiingii. Na ndiyo iliyokuwa moyo wa Conques. Mawe yote yale yalijengwa kuizunguka.

Hili ndilo ninalotaka kulisema mimi mwandishi pia, na nimelisubiri. Historia ya sanaa tuliyorithi inamtafuta mwenye kazi: mtu mmoja au karakana moja, jimbo moja, mwaka mmoja. Porter aliupanua utafutaji huo, akaondoa mipaka ya majimbo na kuweka barabara. Lakini swali lake lilibaki lilelile, nani alitangulia. Sanaa ya hija inadai swali jingine, kwa kuwa waliokuja waliiongeza. Arsinde ni mmoja wa waliotengeneza sanamu ile, ingawa hakushika nyundo. Kuwaita watu hawa watazamaji ni kuwapunja.

FUNDI: Mimi bado sijaridhika, mwandishi. Unasema waliokuja. Na vitu vyenyewe vilitoka wapi? Dhahabu na lulu havikuokotwa kwenye vilima vya Conques. Chukua meno ya ndovu. Katika karne ya 13 Paris ilijaa sanamu za pembe za Bikira Maria. Ile ya Sainte-Chapelle, iliyopo sasa katika makumbusho ya Louvre, ina kimo cha sentimita 41, kazi ya kipande kimoja kikubwa. Mwanahistoria wa sanaa Sarah Guérin ametoa hoja kwamba pembe kubwa za aina hiyo zilitoka Afrika Mashariki, zikapita pwani yetu ya Waswahili, Bahari ya Shamu na Misri, kisha Bahari ya Kati hadi Ulaya kaskazini. Msafiri Mwarabu Al-Masudi alikwisha andika katika karne ya 10 kuhusu pembe za nchi ya Zanji, yaani pwani hii yetu, zikipelekwa Oman. Mwindaji wa bara na nahodha wa jahazi nao wawekeni kwenye hesabu yenu. Njia iliyofanya sanaa ile iwezekane haikupita Puente la Reina.

MWALIMU: Mwanangu, unajua umefanya nini? Umemtetea Porter kuliko nilivyomtetea mimi. Sanaa haina bendera, vitu na mikono vinasafiri, mtazamaji wa Paris anasujudu mbele ya pembe ya Afrika. Hicho ndicho alichokuwa akikililia baada ya vita.

FUNDI: Nimemtetea kwa kumwondolea njia yake.

MWALIMU: Sawa, mwondolee. Yeye mwenyewe hakupata muda wa kurekebisha. Mwaka 1933, akiwa na miaka 50, alipotea katika kisiwa cha Inishbofin huko Ireland na mwili wake haukupatikana. Picha zake zimebaki, na leo hata wanaompinga wanazifungua, kwa sababu baadhi ya mawe yale yameharibika tangu yeye na Lucy waliposimama mbele yake. Siwezi kumdharau mtu aliyekwenda kutazama.

PADRE: Hakuna anayemdharau. Ila turudi kwenye jambo la vitendo. Sanamu ya Mtakatifu Foy iko Conques hadi leo, katika chumba cha hazina. Kama mngepewa kuandika kibao chake, mngeandika karne ipi?

MWALIMU: Ningeandika zote. Kichwa, karne ya 4 au ya 5. Kiwiliwili, ya 9 au ya 10. Vito, kila kimoja na umri wake. Mikono, ya 16.

PADRE: Na majina ya waliotoa, pale yanapojulikana. Anza na Arsinde.

FUNDI: Na Agen ilikoibiwa. Iandikeni wazi, bila kuipamba. Kisha muongeze wanakijiji wa Conques walioificha hazina yote wakati wa Mapinduzi, wakati dhahabu za makanisa mengine zikiyeyushwa. Bila wao Padre asingekuwa na sanamu ya kutuonyesha.

MWALIMU: Kibao kitakuwa kirefu.

FUNDI: Kiwe kirefu, mama. Watu wanasafiri siku nyingi kufika pale, watakisoma.